Nami Nataka Kubebwa

Mama mwenzangu,

Mwezi huu naweka kando kadi za kliniki na habari za chanjo, nikusimulie jambo la matembezi. Usidhani ni jambo dogo. Lilinikosesha usingizi siku mbili, nami ni mtu niliyezoea zamu za usiku. Usingizi wangu nikiupata hauchezewi.

Ilikuwa Februari 2024. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa hapa Tunduma, ambacho wengi wake ndio hao hao tunaokutana kwenye kwaya na kwenye kuwatembelea wagonjwa, kilikuwa kimevunja mzunguko. Tupo wanawake 31. Kabla ya kugawana, mwenyekiti wetu akasimama akasema, “Kila mwaka fedha hizi zinaishia kwenye ada, bati na mbolea. Mwaka huu tutenge kidogo twende matembezi. Sisi wenyewe. Watoto wabaki na baba zao.”

Vigelegele vilipigwa mpaka majirani wakachungulia. Ikabaki kuamua tunakwenda wapi. Mmoja wa wale walio vijana kati yetu akatoa simu, akaipitisha mkono kwa mkono. Ilikuwa picha ya watu wazima watatu, mume, mke na rafiki yao, wamekaa juu ya tembo kando ya mto Zambezi, wanacheka mpaka magego yanaonekana. “Ni hapo tu ng’ambo,” akasema, “ukishavuka Nakonde ni basi.” Hapo tu! Kutoka Nakonde hadi Lusaka ni karibu kilomita elfu moja, ndipo uanze safari nyingine ya Livingstone.

Wengine wakaguna. Mmoja akauliza, sisi wenye magoti haya tutampandaje tembo, tutapandishwa kwa winchi ya lori? Tukacheka. Hapo ndipo dada mmoja aliyekaa karibu na mlango akasema neno. Yeye amepita miaka hamsini, ni mfanyabiashara wa mitumba, na katika kikao huwa hasemi zaidi ya “nakubali”. Nimemwomba ruhusa niandike haya, akanipa, mradi nisitaje jina lake.

“Mimi nabeba tangu niko msichana,” alisema. “Nimebeba maji, nimebeba wadogo zangu, nimebeba watoto wangu sita, nimebeba belo na viroba vya mahindi pale mpakani mpaka nimekuwa mtu wa dawa za kiuno. Nami nataka kubebwa siku moja. Hata na tembo.”

Watu walianza kucheka, halafu kicheko kikakatika chenyewe. Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa sababu katika watu wote mle ndani ni mimi peke yangu niliyewahi kumpanda tembo.

Ndiyo, nimempanda. Mwaka 2011 mume wangu, ambaye ni wakala wa forodha, alialikwa harusi ya mwenzake wa kazi huko Livingstone. Tulipanda treni ya TAZARA hadi Kapiri Mposhi, tukamalizia kwa mabasi. Siku iliyofuata harusi, wenyeji wetu wakatupeleka kwenye kambi moja ya watalii iliyokuwa ikipandisha wageni tembo. Walishatulipia. Ungesemaje?

Sitakudanganya kwamba haikuwa raha. Unapanda ngazi hadi kwenye jukwaa la mbao, tembo anasogezwa ubavuni, nawe unapitisha mguu kama anayepanda baiskeli ya kiume. Niliambiwa mapema nivae suruali, nikavaa ya michezo ndani ya kitenge. Wifi zangu hawakulijua hilo, sasa watalijua. Mgongo wa tembo una joto, na mabega yake yanapanda na kushuka chini yako pole pole kama mtu anayekanda unga. Kilichonishangaza zaidi ni ukimya. Chini ya kisigino cha tembo kuna mto wa mafuta, basi tani tatu nzima zinapita kwenye majani makavu kama paka. Na mume wangu, mtu wa makaratasi na mihuri, asiyecheka ovyo, alicheka kama mvulana aliyepanda mwembe. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yetu. Kwa hiyo dada yule aliposema anataka kubebwa, nilielewa anataka nini. Mwanamke mtu mzima naye anahitaji siku ya kucheza, na wengi wetu tumesahau kabisa kwamba tulijua kucheza.

Lakini nyuma yetu siku ile alifuata mtoto wa tembo. Tulikuwa tumempanda mama yake. Kila tuliposimama, mtoto alijipenyeza upande wa mbele, chini ya kifua, akanyonya. Pengine hujui, tembo ana matiti mawili tu, nayo yako kifuani katikati ya miguu ya mbele, si nyuma kama ya ng’ombe. Yamekaa kama yetu. Basi mtoto ananyonya, mwongozaji anatoa amri, mama anaanza kutembea, ziwa linamtoka mtoto mdomoni. Anakimbia, anasubiri tusimame tena. Mwongozaji hakumpiga mtu wala mnyama, tena alikuwa kijana mpole mwenye maneno mazuri. Ila mimi nilikuwa nimemwacha mwanangu wa miezi 14 kwa bibi yake hapa Tunduma, na maziwa yalikuwa yamejaa mpaka yanavuja kwenye blauzi. Nikatazama mtoni. Sikumwambia mume wangu kitu.

Tuliposhuka walitupa chakula cha kumlisha. Tembo ananyoosha mkonga, unamwagia punje, anazitia mdomoni, anarudisha mkonga kwako. Nikamuuliza yule kijana, huyu mlimpata wapi? Akasema, “Alikuwa yatima, mama.” Nikasema, pole yake, ni vizuri mlimwokoa.

Miaka mingi ilipita ndipo nikasoma maana ya neno hilo. Nchini Zimbabwe na Afrika Kusini, katika miaka ya nyuma, serikali ziliona tembo wamezidi hifadhini, zikafanya mazoezi ya kuwapunguza. Makundi yalipigwa risasi, na watoto waliokuwa wadogo vya kutosha walibakizwa, wakauzwa. Katika Hifadhi ya Kruger zoezi hilo lilianza mwaka 1967 likaendelea hadi 1994. Tembo kadhaa waliokuja kupandwa na watalii kusini mwa Afrika walitoka katika watoto hao. Ni yatima kweli, ila yatima wa kutengenezwa.

Hili halikuanza kwao. Huko Kongo, mwanzoni mwa miaka ya 1900, Wabelgiji walianzisha vituo vya kufuga tembo wa msituni, kwanza Api, kisha Gangala na Bodio jirani na ilipo sasa Hifadhi ya Garamba. Walitaka tembo wavute mikokoteni na majembe. Tembo mzima hafundishiki kirahisi, kwa hiyo walitafuta watoto, na katika miaka ya mwanzo njia ya kumpata mtoto ilikuwa ni kumwua mama yake. Mtoto alifungwa kwenye mti, akawekewa tembo wakubwa waliokwisha kutulia wawe wenzake, na waongozaji Wazande wakamwimbia nyimbo za kumbembeleza mpaka akazoea. Nilipofika kwenye hizo nyimbo nilifunga kitabu. Kumbembeleza mtoto uliyemwulia mama ni jambo ambalo akili yangu ya uuguzi haikuweza kulipanga mahali pake.

Na yule tembo maarufu kuliko wote waliowahi kupandwa, Jumbo, ni mwana wa Afrika ya upande wetu huu wa mashariki. Alikamatwa akiwa mtoto katika nchi zinazopakana na Sudan, mama yake akauawa. Alifikishwa bustani ya wanyama ya London mwaka 1865, na kwa miaka kama 17 aliwabeba maelfu ya watoto na watu wazima mgongoni. Mwaka 1882 aliuzwa kwa mwenye sarakasi Mmarekani, Barnum, na mwaka 1885 akagongwa na treni huko Kanada akafa. Hakuwa amefika hata miaka 30. Mifupa yake imehifadhiwa New York. Wataalamu walipoichunguza kwa ajili ya filamu iliyotoka mwaka 2017 walikuta viungo vya nyonga na magoti vimeumia kuliko ilivyopasa kwa umri wake, na magego yameharibika umbo kwa sababu alilishwa vyakula laini badala ya matawi na magome. Ukisoma ripoti ya namna hiyo na wewe umekaa miaka 20 kwenye chumba cha wagonjwa wa nje, unaijua kabla hujaimaliza. Nawaona kina mama wenye viungo hivyo kila Jumatatu.

Hata nchi yetu ina habari yake. Mwaka 1879 Mfalme Leopold wa Ubelgiji alituma tembo wanne kutoka India, waliokwisha kufundishwa, washushwe Msasani, Dar es Salaam, watembee na mizigo hadi Karema kwenye Ziwa Tanganyika. Aliwaongoza mtu aliyeitwa Carter. Wakavuka tambarare na mabonde, watu wakitoka vijijini kuwatazama wanadamu waliokaa juu ya tembo. Wa kwanza alifia Mpwapwa. Karema alifika mmoja tu, jike. Hakudumu. Carter mwenyewe aliuawa mwaka uliofuata.

Sasa narudi kwenye kikao chetu, maana sikusema haya yote papo hapo. Niliomba wiki moja. Nilikwenda nyumbani nikachukua kalamu, nikapiga hesabu kama tunavyopiga ya dozi.

Tembo jike mzima ana kilo kama 3,000. Watu wazima watatu pamoja na tandiko, tuseme kilo 250. Hiyo haifiki hata sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Dada yetu wa mitumba ana kilo 56, nimempima mwenyewe. Belo moja la mitumba ni kilo 45, na kuna siku hubeba gunia linalomzidi uzito. Nikaitazama ile karatasi kwa muda. Kwa kipimo cha mzigo peke yake, yule tembo wa Livingstone alikuwa na nafuu kuliko dada yangu huyu anayepita mbele ya zahanati kila asubuhi, na sijawahi kumwona mtalii hata mmoja akimhurumia.

Naomba tusimame hapa kidogo, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Wanaokuja kwetu na kiuno kilichoshika, na ganzi inayoshuka mguuni, wengi ni wale wa mizigo ya mpakani na wa kuchota maji mbali. Wapo waliojifungua, na baada ya wiki mbili wakarudi kwenye viroba. Hao ndio tunaowaona baadaye na kizazi kilichoshuka, wakiona haya kusema mpaka hali imekuwa mbaya. Kama umejifungua karibuni, usinyanyue kitu kizito kuliko mtoto wako kwa wiki sita za kwanza. Mwambie baba watoto kwamba nesi ndiye aliyesema. Na kama unahisi kitu kinashuka au mkojo unakutoka ukikohoa, njoo mapema, lina tiba.

Hesabu ile ilinipa shida, maana nilikuwa nimejiandaa kusema tembo anaonewa kwa sababu ya uzito. Si uzito. Ingawa uti wa mgongo wake una mifupa iliyosimama kwenda juu, na tandiko linalokaa hapo kila siku linaichubua ngozi, angeweza kutubeba. Bei ililipwa zamani, siku aliyotenganishwa na mama yake na akafundishwa kwa mnyororo, kwa njaa au kwa kulabu kwamba hana la kusema tena. Mimba ya tembo ni miezi 22. Mtoto anazaliwa na kilo mia hivi, ananyonya miaka mitatu, minne, wakati mwingine zaidi, huku mama zake wadogo na dada zake wakimlinda. Kundi linaongozwa na bibi mzee anayekumbuka maji yalipo. Hayo yamejulikana sana kwa kazi ya Cynthia Moss na wenzake huko Amboseli, Kenya, walioanza mwaka 1972 na kuwafuatilia tembo familia kwa familia. Huyo ndiye mtoto anayechukuliwa ili mimi na mume wangu tucheke saa moja.

Lipo na la afya, nalitaja upesi. Tembo wanaokaa karibu na watu huambukizwa kifua kikuu chetu sisi, kile kile cha binadamu, nao huweza kukirudisha. Mwaka 1996 huko Illinois, Marekani, kilikutwa kwa tembo na kwa watu waliowatunza. Sisi wa mji wa malori tunajua kikohozi kinavyosafiri.

Wiki ikaisha. Nikawaeleza wenzangu, si kwa urefu huu. Nilipomaliza niliona kama nimeeleweka. Yule kijana wa picha aliifuta kwenye simu mbele yetu. Kisha dada wa mitumba akasema, bila hasira, kama mtu anayeuliza bei:

“Umesema tembo hakuulizwa kama anataka kubeba.”

“Ndiyo, dada.”

“Mimi nani aliniuliza?”

Mama mwenzangu, nimehudumia wanawake wa kila namna chumba cha kujifungulia, nikazoea maswali magumu. Hilo sikuwa na jibu lake. Nilikaa chini. Mwenyekiti ndiye aliyeokoa kikao. Alisema, “Hakuna aliyekuuliza, dada. Hata sisi hatujakuuliza. Kila tukiwa na msiba nani anatumwa na sufuria kubwa? Ni wewe, kwa sababu hukatai.” Chumba kizima kikatazama sakafu, na mimi wa kwanza.

Hatukukubaliana wote. Mama mmoja aliniambia nje kwamba tumekula raha yetu na mume wangu, halafu tumefunga mlango kwa wenzetu. Ana haki ya kusema hivyo. Mwingine bado anawaza kwenda na mumewe, ingawa nimemweleza kwamba kambi kadhaa za namna hiyo zimeacha kupandisha wageni na sasa wanatembea tu kando ya tembo, au wanawatazama. Ni mtu mzima, ataamua. Mimi sipandi tena.

Wengi walichagua kwenda Ruaha. Tulikodi Coaster mwezi Septemba, tukawa 26, tukalala Iringa, alfajiri tukashika barabara ya hifadhini. Kabla ya kuondoka Tunduma mwenyekiti alitoa amri moja tu: dada wa mitumba asiguse mzigo wowote, wa kwake wala wa mwingine, mpaka tutakaporudi. Siku ya kwanza aligombana nasi. Alinyang’anyana begi na mweka hazina mpaka mkanda ukakatika. Tulipofika kwenye chakula alisimama mara tatu kugawa sahani, mara tatu tukamkalisha.

Ruaha Kuu wakati wa kiangazi huwa ni mchanga na madimbwi. Mto huo umekuwa ukikauka karibu kila mwaka tangu 1993 kwa sababu ya maji yanayotumika huko juu bondeni Usangu. Tuliwakuta tembo tisa katikati ya mchanga. Jike mmoja mkubwa alikuwa akichimba kwa mguu wa mbele, anafukua kwa mkonga, anasimama, anangoja. Dereva alizima injini. Maji yalijikusanya taratibu kwenye shimo kama yanavyojikusanya kwenye kisima cha pembeni mwa mto Momba. Akanywa kidogo, akasogea. Mtoto akapiga magoti, akainama mpaka mdomo ukafika, kwa kuwa mkonga wake ulikuwa bado haujui kazi. Wanawake 26 ndani ya Coaster, na hakuna aliyesema kitu. Nilimtazama dada yetu. Alikuwa ameegemeza kichwa dirishani na mikono imelala mapajani, viganja juu, mitupu.

Wakati wa kurudi alilala tangu Iringa. Makambako tulishuka kula maandazi, tukamwacha alale, mmoja akabaki naye. Tuliingia Tunduma saa sita usiku. Mwanawe mkubwa alikuwa akimsubiri stendi na bodaboda. Dada akaamka, akaanza kutafuta vikapu viwili alivyonunua Iringa, akakuta mwenyekiti amekwisha kuvifunga kwenye tenga la mbele. Hakugombana safari hii. Alipanda nyuma, akakaa upande, akamshika mwanawe bega, wakaondoka.